Watoto wa Minago Walionong'ona Wakati wa Giza

Ninyi mnaoanza kazi hii ya watoto wadogo, kitu cha kwanza kitakachowaishia ni sauti. Miguu itauma, mgongo utauma kwa kuinama, lakini sauti ndiyo itakayotangulia kuondoka. Yangu iliondoka mapema kabisa, nikawa nafundisha kwa mikono, na watoto hawakuona tofauti yoyote. Walinitazama, wakanifuata, wakakaa pale nilipowaonyesha wakae. Ningekuwa makini ningejiuliza papo hapo imekuwaje watoto wa miaka minne waelewe mikono kuliko maneno. Sikujiuliza. Nilikunywa maji ya tangawizi, nikamshukuru Mungu kwa kunipa watoto wapole.

Sasa nimestaafu. Nakaa Rumonge mjini kwa mwanangu, kwenye nyumba yenye kibaraza kinachotazama ziwa kwa upande. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya maji, milima ya Kongo haionekani, na mtu anaweza kudhani ziwa halina ng'ambo. Saa hiyo ndiyo wanafunzi wangu huja. Hawaji kweli, mnanielewa. Wengi wao ni watu wazima, mmoja anaendesha pikipiki na akinipita barabarani hupiga honi mpaka watu wageuke. Lakini saa ile ya ukungu huja wakiwa wadogo vilevile, pua zinawatiririka, vidole vina rangi ya mawese, na kila mmoja anataka nimfunge kifungo. Naweza kukaa nao hivyo hadi chai ipoe. Mkwe wangu huniuliza, "Mama, uko unasinzia?" Namjibu kwamba niko kazini.

Nilizaliwa Tanzania, katika makazi ya wakimbizi, kwa wazazi wakulima waliopanda mahindi na kusubiri kurudi. Tuliporudi nilikuwa tayari mama wa watoto. Nilikuja na Kiswahili cha kule, na Kirundi cha mama yangu ambacho watu wa huku walikicheka kwa heshima, wakiziba mdomo. Nikapata kazi Minago, katika shule ya watoto wadogo, maternele kama tunavyoiita. Ziwa nilikuwa nimeliona kwa mbali tu, kutoka kwenye lori. Wavuvi sikuwajua. Mambo yao yote ilibidi nijifunze nikiwa mtu mzima, na mengi nilijifunza kwa kuchelewa.

Darasa letu lilikuwa chumba kilichowahi kuwa ghala la mawese. Kuta zilikuwa zimelewa mafuta. Jua likipiga bati, harufu ilishuka taratibu kutoka juu, tamu na nzito, na ikifika usawa wa vichwa vya watoto, kope zao zilianza kushuka. Kuna siku niliwaangalia wote wamelala mkekani, mikono wazi, mwanga wa dirishani umewaangukia miguuni, na mimi mwenyewe nimeegemea ukuta, sijui kama naota au nalinda. Bado sijui. Picha ile naiona vizuri kuliko harusi yangu.

Aliyenifundisha kazi ni Madamu Skolastika. Alikuwa mwanamke wa Gitega, wa milimani, mrefu, aliyesomea kufundisha watoto wadogo tangu ujana wake, na hakula ndagala, dagaa wa huku, hata mara moja katika miaka yake yote ya ziwani, kwa sababu, alisema, samaki wengi kiasi kile kwenye sahani moja wanamtazama. Siku yangu ya kwanza hakunipa chaki. Alinipa kibenchi cha watoto, akaniambia nikalie mpaka jioni.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Naona magoti," nikamjibu.

"Basi. Ndiyo wao wanaona. Magoti ya watu wakubwa, na sauti iko inatoka juu. Ukitaka kumuambia mutoto kitu, shuka kwanza."

Nimeyashika hayo. Na mengine mengi alinipa hivyohivyo, bila mpangilio, huku akimenya mihogo au akimfuta mtu makamasi. Anayelia kwa sababu mama ameondoka, usimbembeleze sana, mpe kazi. Mpe kikombe akupelekee kule, halafu mwambie akirudishe. Akirudi mara ya pili atakuwa amesahau nusu ya kilio. Asiyeweza kushika kalamu, usimlazimishe, mpeleke mtoni akakande udongo, vidole viamke. Tulikuwa na rundo la mbegu za mawese zilizokauka, na kwa mbegu hizo watoto walihesabu, walipanga mistari, walijenga vijiji, walipika ubwari, ugali wa huku, wa uongo na kuulizana kama umeiva. Wazazi wakipita walitikisa kichwa.

"Batoto banacheza tu," walisema. "Madamu, utawafundisha lini?"

Swali hilo mtalisikia mpaka masikio yachoke, kwa hiyo nawapa jibu langu mapema. Anayepika ubwari wa uongo na mwenzake anajifunza kungoja zamu. Anajifunza kuomba, kukataliwa, kukasirika na kurudi. Anajifunza kueleza kitu ambacho hakipo mbele ya macho, na hicho ndicho kusoma kunakotaka. Akifika shule ya msingi hajawahi kufanya hayo, atakuta mwalimu mmoja na bahari ya wenzake, na hakuna atakayepata nafasi ya kushuka kwenye kibenchi kumtazama. Miaka hii ya kwanza ni laini, ndugu zangu, na inapita haraka.

Sasa niwaambie la mkaguzi, maana ndilo lililotufungua macho, ingawa kwa njia ya aibu kidogo.

Mkaguzi mmoja alitujia kutoka mbali, mtu mwenye kofia na miwani. Aliingia darasani akakuta watoto wamekaa kimya, macho mbele, mikono mapajani. Ukiangusha mbegu ya mawese ungeisikia. Akatusifu. Akasema hajaona nidhamu ya namna hii katika jimbo zima, akaahidi kurudi na wenzake wajifunze kwetu. Skolastika alitembea na shingo ndefu kwa siku zote zilizofuata. Kisha yule bwana akarudi kweli, na wenzake wawili, baada ya wiki mbili hivi. Akafungua mlango, na kelele ikampokea kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Watoto walewale walikuwa juu ya mabenchi. Mmoja alikuwa anaimba wimbo wa kanisani na mwingine wa harusi, na wa tatu alikuwa anapiga ndoo. Wale wageni walikaa muda wa kunywa maji tu, wakaondoka.

Tulichanganyikiwa. Skolastika alifikiri sana, akaja na maelezo yake. Alisema ni ndagala. Akasema wiki ambazo ndagala ni nyingi, watoto wanashiba na kutulia, na ndagala zikiadimika, njaa inawapandisha kwenye mabenchi. Alikuwa karibu sana na ukweli bila kuujua, kwa sababu ndagala zilikuwemo kweli, ila si kwenye tumbo.

Ukweli niliukuta nyumbani kwa Zuhura.

Zuhura alikuwa binti wa mvuvi mmoja, Ramadhani, wa mtaa ulio karibu kabisa na maji. Alikuwa na umri wa kuingia mwaka wa kwanza wa shule ya msingi, hata aliupita kidogo, maana mwaka uliotangulia alipelekwa kuandikishwa akarudishwa. Direkteri, yaani mkuu wa shule ile, alikuwa na desturi ya kumuuliza kila mtoto jina lake na jina la baba yake. Zuhura hakujibu. Si kwamba alilia, wala hakujificha nyuma ya mama. Alisimama akamtazama direkteri kwa macho makubwa, mdomo umefungwa. Kwetu pia alikuwa hivyo. Wengine walikuwa na wiki za kimya na wiki za kelele. Yeye alikuwa na kimya tu, mwaka mzima, na alipozidiwa na haja alikuja akaninong'oneza sikioni neno moja.

Asubuhi moja, alipokosa siku kadhaa, nikaenda kwao. Nilipokata kona ya kuingia mtaa ule nikasita, kwa sababu nilidhani nimepoteza masikio. Jua lilikuwa tayari juu. Milango yote imefungwa, mapazia yameshushwa. Wanawake walipita na mabeseni ya ndagala kichwani, peku, bila kusalimiana kwa mdomo, wanainua nyusi tu. Chini ya kivuli cha ukuta watoto walikuwa wanacheza na vizibo vya chupa. Walicheza kweli, kwa furaha, na sikusikia kitu. Mmoja alianguka chali na wenzake wakacheka, vinywa vimefunguka wazi, mabega yanatikisika, na hakuna sauti iliyotoka. Nilisimama pale kama mtu aliyeingia katika ndoto ya wengine. Nilitaka kutoka na nilitaka nibaki.

Mama Zuhura akatokea mlangoni na kidole mdomoni. Akanivuta hadi nyuma ya nyumba.

"Pole Madamu. Baba iko analala," akaninong'oneza. "Wanaume wote banalala. Ni giza."

Nikamwambia ni mchana. Akatabasamu, akaona ninavyotoka mbali. Giza, akanieleza, ni zile wiki ambazo mwezi hauonekani usiku. Ndagala hufuata taa, na taa haina nguvu mbele ya mwezi. Kwa hiyo wakati wa giza wanaume wote wako ziwani usiku kucha, na asubuhi wanarudi wakiwa wamekwisha. Mwezi ukikua, wanapumzika, wanatengeneza nyavu, wanalala usiku kama watu wengine, na hapo ndipo mtaa mzima unaruhusiwa kupumua. Nikamkumbuka mkaguzi: mara ya kwanza alitukuta wakati wa giza, mara ya pili wakati wa mwezi.

"Na watoto?"

"Batoto banajua. Toka banapotambaa banajua."

Kisha akanieleza jambo ambalo limenikaa moyoni hadi leo. Ramadhani alikuwa na mdogo wake waliyevua pamoja. Siku moja yule mdogo hakulala mchana, nyumba ilikuwa na wageni na kelele. Usiku ule akasinzia kwenye mtumbwi akaanguka, wakapata kofia tu. Zuhura alikuwa mdogo, ndiyo kwanza anaanza kupanga maneno. Siku ya habari ile watu wazima walilia na kusema mbele yake kwamba ni kelele zilizomuua. Tangu hapo akanyamaza. Mwezi ulikua, wenzake wakarudi kupiga ndoo, yeye hakurudi.

"Hakuna mutu alimukataza," mama yake akasema. "Na hakuna mutu alimuambia iko imeisha."

Nilirudi shuleni nikitembea polepole kandokando ya maji. Nilikuwa na huzuni, nawaambia wazi, na sikuwa na wa kumlaumu. Wale wanawake walikuwa wanawafundisha watoto kunyamaza ili baba zao wawe hai. Ningewaambia nini? Nimwambie mama amwache mtoto apige kelele, mume azame? Lakini upande wa pili kulikuwa na mtoto ambaye siku za kujifunza kusema zilikuwa zinampita kimya. Nikaelewa siku ile, nikiwa na mchanga kwenye viatu, maternele yetu ni ya nini pale Minago. Nyumba zao hazikuwa na mahali pa kelele, na sisi tulikuwa na ghala zima.

Nikamweleza Skolastika. Akasahau kumenya muhogo aliokuwa ameushika. Kisha akasema kesho yake, kabla ya kitu chochote, tutaenda kuita Kongo.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kila asubuhi tuliwapanga watoto ukingoni mwa ziwa, tukatazama ng'ambo, na tukaita. Tulianza na salamu. Kisha tuliuliza huko Kongo wamepika nini, wamelalaje, mbuzi wao hawajambo. Tuliita kwa nguvu zote, halafu tukanyamaza tusikilize. Mawimbi yalikuja, ukungu ulisogea kidogo, kilele kimoja kilijitokeza na kuzama tena. Na watoto wakasema wamejibiwa. Mmoja alisema Kongo wamepika maharage. Mwingine alibisha, yeye alisikia sombe, majani ya muhogo. Walibishana mpaka darasani, na Skolastika alinikonyeza, kwa sababu kubishana vile ni somo zima na hakuna aliyejua kama anafundishwa.

Basi haikupita wiki, wakaja akina mama. Walikuja wakati wa giza, kundi dogo, wamefunga vitenge vizuri kabisa, nikajua kuna jambo.

"Amahoro, Madamu."

"Amahoro, karibuni."

"Madamu, hatukatae masomo. Lakini munatuamushia wanaume."

Walikuwa na haki. Sauti juu ya maji husafiri kuliko unavyodhani. Skolastika alitaka kubisha, nikamgusa mkono. Tukakubaliana kwamba wakati wa mwezi tutaita pale pale karibu, na wakati wa giza tutakwenda mbali, kupita mashamba ya michikichi, hadi mahali mto unapoingia ziwani, ambako hakuna nyumba. Ilikuwa safari ndefu kwa miguu midogo. Lakini ninyi mnaotafuta mbinu, nawaambia, njia ile ilitufaa kuliko ubao. Mtoto akitembea huona, na akiona huuliza. Nani amekata mchikichi huu, kwa nini baiskeli ile imebeba madumu mengi, mdudu huyu ana mama? Tulikwenda tukinong'ona hadi mti wa mwisho, na baada ya mti wa mwisho kila mmoja alikuwa huru. Nikifumba macho sasa hivi nawaona wanavyouvuka ule mstari, wanavyolipuka.

Zuhura alikuja nasi kila siku. Alisimama na wenzake, akafungua mdomo, midomo ikacheza, na sikusikia kitu. Sikumlazimisha. Asubuhi moja, ukungu ulikuwa mzito kiasi cha kuficha hata maji, akanivuta kitenge nikashuka hadi kwake.

"Madamu, Kongo iko inalala?" akaninong'oneza.

Lilikuwa swali refu kuliko yote aliyowahi kuniuliza. Nikamwambia hapana, huko wameamka zamani, wako kazini. Akafikiri. Kisha akageukia maji akatoa sauti, ndogo sana, ya mtu anayejaribu kama chai ni ya moto. Wengine walikuwa wanapiga kelele, hakuna aliyemsikia ila mimi. Nilijifanya natafuta kiatu cha mtu, maana macho yalinijaa.

Lakini mwaka ulikuwa unakwisha. Nikaenda kwa direkteri kumwombea. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka.

"Madamu, mwaka jana aliniangalia tu," akaniambia. "Darasa iko imejaa. Akininyamazia tena, mimi sina namna. Mwenye hajibu, nitamufundisha aje? Banasema Bujumbura kuna masomo ya batoto kama yeye."

Bujumbura kwa mtoto wa Ramadhani ilikuwa mbali sawa na mwezini, na sote wawili tulilijua hilo. Tena nyanya yake wa Gitaza alikuwa ameshamwomba. Alikuwa na vichanja vya kukaushia ndagala kando ya barabara, na alihitaji mtu wa kufukuza kunguru na kumshika mtoto mchanga. Mtu asiyesema anafaa kwa kunguru. Mama Zuhura alikuwa ameshakunja nguo zake kwenye mfuko. Mtoto akirudishwa mara ya pili, wiki hiyohiyo anakwenda Gitaza, na akishakwenda, nilijua, harudi.

Nikamfuata baba yake siku za mbalamwezi, alasiri, alipokuwa ameketi mchangani anashona wavu. Mtu mkubwa, mikono mipana, sauti ya chini kabisa. Aliposikia nimekuja kwa ajili ya Zuhura akacheka kwa fahari.

"Huyu iko na adabu. Mutaa yote banamusifu. Hana makelele hata kidogo."

"Umewahi kumsikia sauti yake, Baba Zuhura? Si kunong'ona, sauti yenyewe."

Sindano ikasimama. Alitazama maji, akawa anatafuta, na niliona usoni pake kwamba hapati. Nikamwambia yote, la direkteri, la Gitaza, na lile la maneno aliyoyasikia mtoto siku ya msiba. La mwisho hakuwa amelijua. Akauweka wavu chini.

"Sasa unataka nisilale?"

"Hapana. Lala. Nataka tu uje naye siku ya kuandikisha."

"Asubuhi? Asubuhi mimi niko kama maiti, Madamu."

"Njoo hivyohivyo."

Nilifikiri, akimwona baba yake yuko hapo, amemshika mkono, mchana, macho wazi, atapata nguvu. Nilipiga hesabu zangu vizuri, nikasahau moja tu, kwamba siku ya kuandikisha iliangukia wakati wa giza.

Alikuja. Alitoka ziwani moja kwa moja, suruali imelowa hadi magotini, anang'aa magamba ya ndagala mikononi, amemshika Zuhura aliyevaa gauni lililopigwa pasi. Wazazi walikuwa wengi uani, wamekaa kwenye mabenchi, wengine ukutani. Ramadhani akakaa karibu na dirisha la ofisi. Na jua likampata. Lilikuwa jua lile la asubuhi la huku, la vuguvugu, linalotokea milimani na kumlainisha mtu. Kichwa kikashuka, kikapanda, kikashuka. Walipoita jina la Zuhura, baba yake alikuwa amelala fofofo na mdomo wazi.

Nikamwingiza mimi. Direkteri aliinama kidogo, alijitahidi, Mungu ambariki.

"Mwana wangu, unaitwa nani?"

Zuhura akamtazama. Kisha akatazama dirishani. Kichwa cha baba yake kilionekana pale, karibu, kimeegemea mbao. Nikaelewa. Alikuwa tayari, naapa, nililiona neno likiwa limefika kooni. Lakini baba amelala. Ni giza, na baba amelala, na sisi tunamtaka aseme.

"Na baba, anaitwa nani?"

Kalamu ya direkteri ikagonga meza polepole. Nikataka kumweleza, nikaanza, "Ni kwa sababu," lakini aliinua mkono, si kwa hasira, akasema, "Pole, Madamu," akaita mtoto anayefuata.

Tukatoka. Mbele yangu niliona vichanja vya Gitaza na kunguru. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia Ramadhani atakapoamka mwenyewe, kwa maana hata mimi nilikuwa nimeshajifunza, mtu aliyetoka ziwani haamshwi. Hata mkewe hakuwahi kumwamsha.

Zuhura akauachia mkono wangu. Akaenda akasimama mbele ya magoti ya baba yake. Alimtazama, yale magamba mikononi, ule mdomo wazi. Mabega yake yakapanda.

"Baba, amuka."

Hakunong'ona. Ilikuwa sauti nene kuliko nilivyowahi kuiwazia, yenye mikwaruzo ya kitu kisichotumika, na ilienda hadi ukuta wa mbali wa uwanja. Wazazi wakageuka. Ramadhani akashtuka, akakamata ukingo wa benchi kwa mikono miwili kama mtumbwi umepinduka, akatazama kulia, akatazama kushoto, akawapita wanawake wote kwa macho. Binti yake alikuwa mbele yake, lakini baba hakumtazama kabisa.

"Nani ameniita?"

"Mimi. Zuhura. Zuhura wa Ramadhani. Banauliza jina yangu mule ndani na wewe uko unalala."

Direkteri alikuwa amesimama dirishani. Alisema ameshasikia, mtoto ataanza shule na wenzake. Alisema taratibu tu, na wanawake wakaanza kunipigapiga mgongoni, lakini Ramadhani hakusikia lolote kati ya hayo. Usingizi ulikuwa umemtoka wote. Alimshika mtoto mabega kwa ile mikono yenye magamba, akamvuta karibu, akamtazama mdomo kama anayesubiri kitu kirudi kutoka ndani ya maji.

"Sema tena, mama," akamwambia. "Sema kwa nguvu."